Nina saratani ya mlango wa kizazi na sijazaa. Lazima kizazi kitolewe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Tanga, nimeolewa na sina mtoto. Mimba moja niliyoshika iliharibika ikiwa changa. Tangu mwaka jana nilikuwa natokwa na damu kila baada ya tendo la ndoa. Nikapimwa, kikakatwa kinyama, majibu yakarudi kwamba ni saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya kwanza. Nimeambiwa nitolewe kizazi. Mgonjwa mwenzangu tuliyekutana kliniki yeye atapigwa mionzi, na amenieleza kwamba ukipigwa mionzi kizazi chako kinabaki mahali pake, basi nikawaza labda niombe mionzi. Mama mkwe anataka nianze na miti shamba. Mume wangu yuko kimya. Je, kuna tiba itakayoniponya na kuniachia uwezo wa kuzaa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole kwa ugonjwa, na pole kwa ile mimba.

Tiba hiyo ipo. Kama inakufaa wewe siwezi kusema kwa barua, maana umenitajia hatua bila kunitajia kipimo, na hapa milimita ndizo zinazoamua. Lakini jambo moja nalisema bila kusita, na ulishike kabla ya mengine yote: usiombe mionzi kwa kudhani inaokoa uzazi. Mwenzako amesema kweli kwamba kizazi kinabaki. Kinachobaki hakibebi mimba tena. Nitarudi huko.

Hatua ya kwanza ni saratani ambayo bado imo ndani ya mlango wa kizazi, haijatambaa kwenda ukeni wala pembeni kwenye nyonga. Ndani ya hatua hiyo kuna ngazi. IA1 imepenya chini ya milimita 3. Huioni kwa macho, inaonekana kwa darubini. IA2 imepenya milimita 3 ila haijafika 5. IB1 imepenya milimita 5 au zaidi, lakini ukubwa wake haujafika sentimita 2. IB2 ni kuanzia sentimita 2 hadi chini ya 4, na IB3 ni kuanzia 4 kwenda juu. Mgawanyo huu ni wa mwaka 2018, wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi. Kabla ya hapo IB1 ilifika hadi sentimita 4, na bado unaweza kukutana na karatasi iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani. Kwa mtindo huo, mwenye uvimbe wa sentimita 1.5 na mwenye sentimita 3.5 wote wanaandikiwa IB1, ilhali mmoja ana nafasi nzuri ya kubaki na kizazi na mwingine nafasi yake ni finyu mno. Kwa hiyo uliza sentimita, usitosheke na herufi.

Kwa kuwa damu ilikuwa inatoka unapoguswa, nakisia una kidonda kinachoonekana, yaani uko IB. Kukisia si kupima. Kabla hujasaini fomu ya kutolewa kizazi, rudi kwa daktari wako na uombe vitu viwili. Kwanza, nakala ya majibu ya kinyama, yote, si ule mstari wa mwisho peke yake. Humo tunatafuta aina ya saratani: zile mbili za kawaida, inayoanzia kwenye ngozi ya nje ya mlango na inayoanzia kwenye vitezi vya ndani, kwa kawaida zinaruhusu kufikiria kuhifadhi uzazi; ile adimu ya seli ndogo haituruhusu, kwa sababu inasambaa mapema mno. Tunatafuta pia kama seli za saratani zimeonekana ndani ya mishipa midogo ya damu na ya limfu, maana hiyo ndiyo njia yake ya kusafiri. Pili, omba MRI ya nyonga, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Altrasaundi ya kawaida na kidole cha daktari vinasaidia, ila MRI ndiyo inayotuonyesha uvimbe umebakisha nafasi gani kati yake na sehemu ya kizazi inayobeba mimba. Tunapenda ibaki walau sentimita moja.

Usiogope kwamba kufanya haya ni kuchelewa. Wiki mbili tatu za kupima vizuri na kusikia maoni ya daktari wa pili hazibadilishi hali yako. Kinachoua ni miezi ya kuzunguka.

Ikiwa utakutwa na IA1 ambayo haijaingia kwenye mishipa, habari ni nzuri na fupi: unakatwa kipande cha mlango wa kizazi chenye umbo la pia, kinapelekwa maabara, na kingo zake zikirudi safi, matibabu yameisha. Ikiwa ni IA2, au IA1 iliyoingia kwenye mishipa, kipande hicho kinakatwa na tezi za limfu za nyonga zinakaguliwa pia. Kizazi kinabaki, mimba unabeba, ingawa hatari ya kuzaa kabla ya wakati inaongezeka kiasi kulingana na ukubwa wa kipande kilichotolewa.

Nadhani upasuaji unaokuhusu zaidi ni ule unaoitwa trakelektomi. Ulianzishwa na daktari Mfaransa Daniel Dargent wa Lyon mwishoni mwa miaka ya 1980, na akautangaza kwa wenzake mwaka 1994. Wazo lake lilikuwa hili: kama saratani iko mlangoni na haijapanda juu, kwa nini tutoe nyumba nzima? Basi mlango wa kizazi unatolewa, pamoja na nyama zinazoushika pande mbili na pindo la juu la uke. Mwili wa kizazi, mirija na ovari, yaani vifuko vya mayai, vinaachwa. Daktari anazungushia uzi usiooza pale chini ya kizazi kilipobaki, anaukaza ili siku mimba ikiingia isidondoke, halafu anaushona uke moja kwa moja na kizazi. Hedhi inaendelea. Tendo la ndoa linaendelea baada ya kupona.

Kwa uvimbe usiofika sentimita 2, tezi zikiwa safi, wanaorudiwa na saratani baada ya trakelektomi kwa kawaida hawafiki 5 kati ya 100, na hiyo haitofautiani sana na waliotolewa kizazi chote. Hapo ndipo ninapopata ujasiri wa kuushauri. Kuanzia sentimita 2 hadi 4 kuna vituo vinavyojaribu kuanza na dripu za kemo, yaani dawa kali za saratani, ili uvimbe usinyae, ndipo wapasue. Jambo hilo bado linafanyiwa utafiti, na kwa maoni yangu mgonjwa asilikubali mahali ambapo hatafuatiliwa kwa karibu. Ikizidi 4, dada, nitakuomba tuache mazungumzo ya kizazi tuzungumzie maisha yako.

Kuna mambo yanayotokea ndani ya chumba cha upasuaji ambayo wagonjwa wengi hawaelezwi mapema. Daktari anaanza na tezi za limfu, sio mlango. Tezi zikiwa na saratani, trakelektomi haifanyiki, na hata kutoa kizazi mara nyingi kunaachwa, kwa sababu mgonjwa atahitaji mionzi na kemo kwa vyovyote. Hospitali zenye mtaalamu wa kusoma tezi papo hapo, mgonjwa angali usingizini, zinamaliza yote siku moja. Pasipo na huduma hiyo, njia salama ni mara mbili: leo tezi, majibu yakirudi safi ndipo mlango. Ni usumbufu na ni gharama mara mbili, lakini usikubali kukatwa mlango wakati hakuna anayejua hali ya tezi zako.

Na ukiwa bado unazungumza na daktari mpasuaji, muombe jambo hili mapema: "Ukikuta tezi zina ugonjwa, nipandishie ovari kabla hujafunga tumbo." Ukisubiri hadi uamke, nafasi hiyo inakuwa imepita, au inadai upasuaji mwingine.

Maana yake nini kupandisha ovari? Ovari zako mbili ziko chini kwenye nyonga, mahali palepale mionzi inapolenga. Mionzi ya nje ya saratani hii kwa kawaida ni jumla ya Gy 45 hadi 50 (Gy, yaani gray, ni kipimo cha kiasi cha mionzi), inayogawanywa kwa takriban wiki 5, kisha inafuata mionzi ya ndani. Yai la mwanamke halistahimili hata sehemu ndogo ya hapo: Gy 2 hivi zinatosha kuua nusu ya mayai yaliyomo. Ndiyo maana wanawake wanaopigwa mionzi ya nyonga wakiwa na miaka 29 wanakoma hedhi ndani ya miezi michache, wanaanza kupata joto la ghafla na mifupa inaanza kudhoofika, kama wenye miaka 50. Daktari anaweza kuzilegeza ovari pamoja na mishipa yake ya damu, akazipandisha juu ya mfupa wa nyonga pembeni mwa tumbo, na kuziwekea vibanio vidogo vya chuma ili mtaalamu wa mionzi azione kwenye picha na kuzikwepa. Hailindi kila mtu, kwa sababu mionzi mingine inatawanyika na mishipa mingine inakosa damu, ila kwa umri wako ni jambo la kuulizia. Sindano za kila mwezi za kuzilaza ovari, ambazo labda umesikia wagonjwa wa saratani ya matiti wakizitaja, hazizuii mionzi. Usitoe hela yako hapo.

Sasa kizazi chenyewe. Mionzi inakausha misuli yake, inaharibu ukuta wa ndani ambako mimba hujishika, na inapunguza damu inayoingia. Hakitanuki tena. Kwa hiyo kuchagua mionzi ili kubaki na kizazi ni kubaki na kitu kisichofanya kazi na kupoteza ovari juu yake. Mwenzako anapigwa mionzi kwa sababu ugonjwa wake pengine umefika mahali ambapo kisu hakitoshi, na kwake hiyo ndiyo tiba sahihi kabisa; mchanganyiko wa mionzi na kemo umeokoa wengi tangu majaribio makubwa ya mwaka 1999 yalipouthibitisha. Usimkatishe tamaa. Ila tiba yake siyo yako.

Na kama mwishowe itabidi kizazi kitoke, kuna swali ambalo ningependa kila mwanamke aliye chini ya miaka 40 aliulize: ovari zinabaki? Kutoa kizazi si lazima kuwe kutoa ovari. Kwenye saratani ya ngozi ya nje ya mlango iliyo changa, inayofika kwenye ovari ni chini ya 1 kati ya 100. Kwa ile ya vitezi vya ndani uwezekano ni mkubwa zaidi kidogo, na hapo mjadiliane. Nimeona wanawake vijana wakisaini fomu iliyoandikwa "kizazi na viambata vyake" bila kujua viambata ni nini. Ni ovari na mirija.

Lingine ambalo lazima nikutajie kwa kuwa litakufikia kupitia simu ya mtu: jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba kutoa kizazi chenye saratani hii kwa matundu madogo na kamera kulileta vifo na kurudiwa kwingi zaidi kuliko kufungua tumbo. Kwa hiyo daktari akikuambia atakufungua tumbo, usimwone wa kizamani.

Kuhusu kugandisha mayai. Hili linawezekana, vituo vya upandikizaji mimba vipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hii mwaka 2006. Unachomwa sindano kila siku kwa siku 10 hadi 14, na siku hizi hatusubiri hedhi, tunaanza siku yoyote. Mayai yanavutwa kwa sindano ndefu. Kwa wanawake wengine sindano hiyo inapita ukeni. Kwako wewe mwenye uvimbe mlangoni mkumbushe daktari wa mayai, maana inaweza kumwaga damu na tunaogopa kuburuta seli za saratani. Inaweza kupitishwa tumboni. Mayai 10 yaliyogandishwa si watoto 10. Mengi yanapotea njiani.

Ila kabla hamjauza kiwanja kulipia mayai, ulizeni: yatawekwa wapi? Ukifanyiwa trakelektomi, kwa kawaida huyahitaji, ovari zako zipo zinafanya kazi. Ukitolewa kizazi au ukipigwa mionzi, mayai yatahitaji tumbo la mwanamke mwingine. Hapo ndipo dini na sheria zinaingia. Kwa wasomaji Waislamu, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Amman mwaka 1986 lilikubali mume na mke kusaidiwa kutunga mimba kwa yai lao, mbegu yao na kizazi cha mke mwenyewe, na likakataza mtu wa tatu kuingia. Kanisa Katoliki halikubali upandikizaji wenyewe. Sikuamulii, nasema mjue mapema, mzungumze na sheikh au padri wenu na mwanasheria, msije mkalipia friji miaka kumi kwa kitu ambacho nyinyi wenyewe hamtakitumia. Mwaka 2014 Gothenburg, Uswidi, alizaliwa mtoto wa kwanza kutoka kizazi kilichopandikizwa, na kati ya wanawake wa mpango ule alikuwapo aliyepoteza kizazi kwa saratani kama yako. Kwetu hilo bado liko mbali.

Mama mkwe nisimlaumu, anatafuta mjukuu na anakutafutia uzima kwa njia anayoijua. Lakini dawa za kuweka ukeni zinaunguza, zinaleta usaha, na zikishaleta usaha hata MRI inasomeka kwa shida. Hasara kubwa ni muda. Uvimbe wa sentimita 1.8 leo unaweza kuwa sentimita 2.5 baada ya msimu mmoja wa kujaribu, na hapo nafasi ya trakelektomi inakuwa finyu mno. Mweleze hivyohivyo: tukichelewa, ndipo mjukuu atakosekana.

Mumeo kimya? Huenda kuna jambo linamsumbua ambalo halisemi. Saratani hii inaletwa na kirusi cha HPV, na watu wengi waliowahi kujamiiana wamewahi kukipata bila kujua. Kinaweza kukaa mwilini miaka 10, 15 au zaidi kabla ya kuleta saratani. Kwa hiyo ugonjwa wako si ushahidi wa nani alitoka nje ya ndoa, wewe wala yeye, na hakuna kipimo cha kumtaja aliyeleta. Njoo naye kliniki, aambiwe na daktari mbele yako. Pimeni VVU pia kama hamjapima karibuni, maana wenye VVU hupata saratani hii takriban mara 6 zaidi ya wengine. Na ikitokea una VVU, hilo halikuondolei haki ya kujadili uzazi, dawa zinaanza na mpango unaendelea. Pima mimba vilevile kabla ya tiba yoyote. Utashangaa wangapi hawapimwi.

Wapi pa kwenda? Trakelektomi si kazi ya kila daktari wa wanawake. Unahitaji aliyesomea saratani za wanawake, na muulize waziwazi amewahi kuifanya na mara kwa mara kiasi gani. Kutoka Tanga una njia mbili za kawaida: Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili zinafanya kazi kwa karibu, au Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Kwa wasomaji wa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimekuwa kikiwafundisha mabingwa hawa kwa miaka mingi. Omba rufaa ya maandishi, na uchukue vile vipande vya kinyama vilivyohifadhiwa maabara, si karatasi tu, ili mtaalamu wa pili avisome upya.

Ikiwa utafanyiwa trakelektomi na ukapona, utafuatiliwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya kwanza, na ukaguzi utaendelea baada ya hapo. Kipimo cha HPV ndani ya ukaguzi huo ni cha thamani kuliko kuangaliwa kwa macho. Tunashauri kusubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kutafuta mimba. Hedhi ikianza kuja kwa maumivu makali na matone machache, rudi upesi, huenda tundu limejifunga na damu inakwama ndani. Linatanuliwa, na mara nyingi hiyo pia ndiyo sababu ya mimba kukataa. Kati ya waliojaribu, takriban nusu hushika mimba, wengine kwa kusaidiwa, na mimba kama 7 kati ya 10 huzaa mtoto hai. Theluthi moja au zaidi ya watoto hao huzaliwa kabla ya wiki 37, kwa hiyo panga kuishi karibu na hospitali yenye chumba cha watoto njiti kuanzia mwezi wa sita wa mimba.

Siku ya kujifungua ni upasuaji, bila majadiliano. Ule uzi haufunguki, mlango wa kutanuka haupo, na uchungu ukiachwa uendelee unaweza kupasua kizazi. Andika kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi ya kliniki: "Alikatwa mlango wa kizazi, ana uzi wa kudumu, asisubiriwe uchungu." Mwonyeshe kila mkunga atakayeishika kadi hiyo, hata akikuambia ameshaona.